Sanduku la Spana: Sura Moja ya Historia ya Ufundi Mjini Kampala

Historia ya ufundi katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kwa kutaja mambo makubwa: njia za reli, mabwawa ya umeme, vinu vya pamba na viwanda vya sukari. Mambo hayo yastahili kuandikwa. Hata hivyo, nyuma ya kila garimoshi na kila kinu palikuwa na mtu aliyeinamia sanduku, akitafuta zana moja miongoni mwa nyingi. Na ikiwa zana hiyo haikuwa mahali pake, kazi yote ilisimama. Katika makala haya tunakusudia kulitazama sanduku hilo. Tutaeleza jinsi zana za makanika zilivyopangwa, zilivyohesabiwa na zilivyotandazwa mbele ya macho ya watu mjini Kampala, tangu siku za Kabaka Mutesa hadi gereji za Katwe na Ndeeba.

Hoja yetu ni moja, nasi twaitaja mapema ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea. Zana za Kampala zimebadilisha wenyewe mara nyingi, mara kwa kununuliwa, mara kwa nguvu. Lakini ujuzi haukumfuata mwenye ukuta zilipotundikwa. Ulimfuata yule ambaye mkono wake ulizoea kuzitundika.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno. Watatukumbusha kuwa mchagua jembe si mkulima, na kwamba fundi hodari hufanya kazi kwa chochote alicho nacho. Methali hiyo ni kweli kwa mtu atafutaye kisingizio cha kutolima. Lakini wahenga hao hao walituachia nyingine, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sanduku lililopangwa ndilo daftari la fundi: pengo likionekana ndani yake jioni, fundi hujua mara moja ni zana gani haijarudi, na pengine hujua pia ni nani aliyeiazima.

Siku Kumi za Kagei

Tuanze na mwaka 1878, na tuanze nje ya Kampala, kwa kuwa zana zilizofika Buganda zilipitia kwanza pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Alexander Mackay, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1849 na kusomea uhandisi, aliletwa na chama cha wamisionari cha CMS. Alifika Zanzibar mwaka 1876, na mwaka uliofuata alishughulika na kutengeneza njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwezi wa Juni 1878 aliwasili Kagei, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wenzake wawili waliomtangulia, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877, na mali ya msafara ilikuwa imeachwa ndani ya kibanda bila mwangalizi.

Alichokikuta ni chungu moja ya vitu vilivyochanganyika. Vipande vya birika la injini ya mvuke vililala pamoja na vitabu; herufi za risasi za kupigia chapa zilikuwa pamoja na misumeno, mbegu za bustani na chupa za dawa; na panya walikuwa wamefanya makao humo. Mackay hakuanza kwa kujenga wala kwa kuhubiri. Alitumia siku kumi, tangu alfajiri hadi giza, akichambua na kupanga. Mwishoni mwa siku hizo injini ya mashua yao, iliyoitwa Daisy, ilikuwa imekusanywa vipande vyake, na zana zilikuwa zimetengwa na takataka. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alifika kwa Kabaka Mutesa.

Twaliona jambo hili kuwa na maana kubwa. Vitu vilivyokuwa Kagei siku ya kwanza ndivyo vilivyokuwapo siku ya kumi, wala hakuna kilichoongezwa. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja sasa alijua kila kimoja kiko wapi, na kipi kimepungua. Kwa ajili hiyo tu, chungu ya vyuma iligeuka kuwa karakana.

Huko Natete, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Kampala upande wa magharibi, Mackay alisimamisha tanuri la kufulia chuma, kerezo, na jiwe la kunolea lililozungushwa kwa gurudumu. Watu wengi walikuja kutazama. Kiswahili kilikuwa kikisemwa katika ikulu ya Kabaka kwa sababu ya wafanyabiashara wa Pwani, na Mackay alikijua. Nalo jina alilojulikana nalo lilikuwa la Kiswahili, Mzungu wa Kazi. Mwaka 1882, alipofariki Namasole Muganzirwazza, mama yake Mutesa, Mackay ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia jeneza lake kubwa la mbao na shaba, na wahunzi wa Kabaka wakiwa kazini pamoja naye. Kwa siku hizo, mikono ya mapokeo mawili ya ufundi ilishika nyundo juu ya kazi moja.

Walukaga na Mkaa wa Nywele

Tusije tukadhani kwamba ufundi wa chuma uliingia Buganda pamoja na Mackay. Wahunzi walikuwako kitambo, na mkuu wa wahunzi wa Kabaka alishika cheo kilichoitwa Walukaga. Mmoja wa wenye cheo hicho, Nuwa Walukaga, alikuwa miongoni mwa Wakristo wa Kianglikana waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Waganda wana hadithi mashuhuri juu ya Walukaga. Kabaka alimwamuru afue mtu wa chuma mwenye uhai, mwenye kutembea na kusema. Fundi alihangaika, akijua kwamba kukataa ni kifo na kukubali ni uongo. Rafiki yake mmoja, ambaye watu walimhesabu kuwa mwenda wazimu, alimfundisha la kusema: amwombe Kabaka mizigo elfu ya mkaa uliochomwa kwa nywele za binadamu, na mitungi mia moja ya machozi ya kuzimia moto. Watu wa nchi nzima walinyolewa na kulizwa, na bado vitu hivyo havikutimia. Kabaka akaifuta amri yake.

Hadithi hii husimuliwa kwa kuonyesha kuwa hekima yaweza kutoka kinywani mwa mtu anayedharauliwa. Lakini ina funzo lingine linalotuhusu hapa. Walukaga hakubishana na mfalme juu ya uwezo wake. Alitaja tu vitu vinavyohitajika na kiasi chake. Fundi wa kweli ndiye awezaye kusema, kabla ya kazi kuanza, ni kitu gani hakipo. Makanika wa Ndeeba anayetazama gari la mteja, kisha akatazama sanduku lake, kisha akasema, "Kazi hii siiwezi leo, sina zana ya kung'olea beringi hii," anafuata nyayo za Walukaga. Ajabu ni kwamba wateja wengi humwamini zaidi huyo kuliko yule anayesema kila kitu kinawezekana.

Ukuta wa Karakana na Mwanagenzi

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Kampala yenyewe ikafikiwa mwaka 1931. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya kazi hiyo. Wengi wao walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha, lakini maelfu walibaki, na baada yao wakaja wengine kwa hiari yao. Miongoni mwao walikuwako Masingasinga, ambao Waswahili waliwaita pia Makalasinga, waliokuwa mafundi wa kurithi: maseremala, wahunzi na wajenzi wa mitambo. Vinu vya pamba vilipoenea katika Uganda, na malori yakaanza kuzibeba robota za pamba, karakana nyingi za Kampala zilikuwa mikononi mwa watu hawa na wenzao wa kutoka India.

Serikali ya kikoloni nayo iliweka mkono wake. Mwaka 1922 kilifunguliwa chuo cha ufundi juu ya kilima cha Makerere, kikiwa na wanafunzi 14 wa kutwa waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Wachache wanaoliona jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere leo hukumbuka kwamba mwanzo wake ulikuwa randa, mwiko na spana. Baadaye mafunzo ya ualimu, udaktari na mengineyo yalikikuza chuo na kukipa sura nyingine. Shule ya ufundi ilihamishiwa Kyambogo mwaka 1958, na huko ikawa mojawapo ya mizizi ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003.

Katika shule na karakana za namna hiyo zana hutundikwa juu ya ubao ukutani. Kila zana huwa na msumari wake, na nyuma yake huchorwa kivuli chake kwa rangi, ili ikiondolewa kivuli kibaki kikiidai. Ni mpango mzuri, na sisi walimu twautambua upesi, kwa kuwa ni aina ya ubao wa darasani: jina, umbo na mahali hufundishwa kwa pamoja. Lakini tuulizane, je, ni nani aliyekuwa akisoma ubao huo kila siku?

Katika enzi ya ukoloni mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mwenye karakana au fundi mkuu ndiye aliyelala chini ya gari na kunyosha mkono. Mwafrika, ambaye mara nyingi aliitwa boi hata alipokuwa na wajukuu, ndiye aliyesimama kando na kuutia mkono huo spana iliyotakiwa. Jioni ndiye aliyezifuta zana, akazihesabu na kuzirudisha juu ya misumari yake. Kazi hiyo ilionekana kuwa ya chini kuliko zote. Kumbe ilikuwa chuo. Mtu aliyezipanga spana za karakana kwa miaka 10 alijua kwa kupapasa ni ipi namba gani, na alijua kwa kusikiliza mlio wa injini ni ipi itakayoitwa baadaye.

Hesabu za Spana

Hapa hatuna budi kueleza jambo la kiufundi kidogo, maana ndilo linalolifanya sanduku la Kampala kuwa kumbukumbu ya historia kuliko mkoba wa zana za seremala.

Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi, yaani ile mikato ya mzunguko katika bolti na nati. Spana zilizotengenezwa kwa mpango wake zilipewa namba kufuata unene wa bolti, wala si upana wa kichwa chake. Malori na magari ya Kiingereza yaliyoingia Uganda katika miongo ya kwanza yalitaka spana hizo. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana juu ya hesi ya pamoja, na polepole magari ya Kiingereza yakahamia spana za inchi zinazohesabiwa kwa upana wa kichwa cha nati. Hivyo fundi aliyekuwa na spana mbili zenye maandishi ya nusu inchi, moja ya mpango wa zamani na moja ya mpango mpya, alikuwa na zana mbili zisizolingana hata kidogo. Akizichanganya katika sanduku, ataila nati pembe zake na kumtia hasara mwenye gari.

Kisha yakaja magari ya Bara la Ulaya, Peugeot, Volkswagen na Mercedes, nayo hupimwa kwa milimita. Baada yake yakaja ya Japani, ambayo pia ni ya milimita, ila vichwa vyake havifanani na vya Ulaya. Bolti yenye unene wa milimita 8 katika gari la Kijerumani kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 13, na katika gari la Kijapani kwa namba 12. Bolti ya milimita 10 hutaka namba 17 kule, na namba 14 huku. Kwa hiyo mtu mwenye kujua aweza kufunua sanduku la fundi mzee bila kuuliza neno, akaona namba zilizochakaa, akajua ni magari gani yaliyomlisha. Palipochakaa 13 na 17, huyo alikuwa wa Peugeot na Volkswagen. Palipochakaa 12 na 14, huyo amekula jasho lake katika Toyota, ambazo zilizidi sana katika barabara za Uganda tangu miaka ya 1990 magari yaliyokwisha tumika yalipokuwa yakiletwa kwa wingi kutoka Japani. Na chini kabisa ya sanduku, zimefungwa katika kitambaa, huenda zikalala spana tatu au nne za inchi ambazo hazijashikwa kwa miaka, lakini mwenyewe hazitupi, kwa sababu Land Rover kuukuu yaweza kuja siku yoyote.

Ipo zana moja inayotaka kuyakwepa mahesabu yote haya, nayo ni spana yenye mdomo wa kupanuka na kubana. Mafundi wengi wa Afrika ya Mashariki wameipa jina la kejeli, spana malaya, kwa sababu haichagui nati. Kejeli hiyo ni hukumu ya kazi: fundi anayeitegemea hiyo peke yake hahesabiwi miongoni mwa mafundi. Kwa upande mwingine wa dunia, katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, mwaka 1920 ilianzishwa kampuni ya Snap-on kwa wazo la mipini 5 itakayovaa soketi 10 kwa kubadilishana. Wazo hilo lilifundisha dunia kuiona seti kama kitu kimoja. Soketi moja ikipotea, seti nzima imepata kilema.

Mwaka 1972

Tumefika mahali ambapo hoja yetu inapimwa. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoka Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka na mizigo michache, wakiacha nyumba, maduka, vinu na karakana walizozijenga kwa vizazi viwili au vitatu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa humo nchini, wala hawakujua kwingine. Biashara, viwanda na mashamba zaidi ya 5,000 yaligawiwa watu wengine.

Waliogawiwa wengi walikuwa askari na watu waliokuwa karibu na wenye nguvu. Umma uliwabandika jina la Kiswahili, mafuta mingi. Sarufi ingetaka mafuta mengi, lakini jina halikungoja ruhusa ya walimu, likaingia katika historia ya Uganda kama lilivyo. Pamoja nalo liliingia neno jingine, magendo, kwa kuitaja biashara ya kificho iliyokuja kuimeza nchi. Na katika mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Sisi tuifundishao lugha hii yafaa tukumbuke kwamba ilipata cheo hicho katika siku za maumivu, na kwamba chuki ya baadhi ya watu dhidi yake haikuzuka bure.

Sasa tufikirie ukuta wa karakana iliyogawiwa. Ubao ulikuwapo, misumari ilikuwapo, vivuli vilivyochorwa vilikuwapo, na mara nyingine zana zenyewe zilikuwapo. Mwenye karakana mpya alimiliki vyote. Lakini mwenye kujua kwa nini spana hii imekaa karibu na mlango, na kwa nini ile imefungwa kitambaa chekundu, aidha alikuwa ndani ya ndege kuelekea London au Toronto, aidha alikuwa yule boi wa zamani ambaye hakuna aliyekumbuka kumgawia chochote. Nati zikaliwa pembe, seti zikavunjwa na kuuzwa spana moja moja, na mashine zikasimama kwa kukosa spea, au vipuri kama vitabu vyetu vinavyotaka tuseme.

Mambo hayo yalizidishwa na mengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na reli iliyokuwa moja ikakatwa vipande vitatu. Karakana kuu ya reli hiyo ilikuwa Nairobi. Uganda ilibaki na vichwa vya garimoshi bila mahali pa kuvitengenezea kikamilifu, ikalazimika baadaye kujijengea karakana yake Nalukolongo, si mbali na Natete ya Mackay. Hiyo pia ilikuwa seti iliyovunjwa, ila ukubwa wake ulikuwa wa nchi tatu. Kisha tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliopigana pamoja nayo, na uporaji mkubwa ukaufuata ushindi huo. Zana nzito na nyepesi zikabebwa vichwani. Vita vya msituni vilivyofuata havikwisha mjini Kampala hadi Januari 1986.

Masanduku ya Katwe

Licha ya hayo yote, magari ya Kampala yaliendelea kutembea. Twasema kwa yakini kwamba hayakutembezwa na waliogawiwa kuta. Katwe, mtaa ulio chini ya kilima cha Mengo, ulikuwa tangu zamani maskani ya mafundi Waafrika, na katika miaka ya shida ulipata umaarufu wa kutengeneza kile ambacho hakikuweza kununuliwa. Watu wakasema kitu fulani kimetengenezwa Katwe, wengine kwa kudhihaki, wengine kwa kusifu. Vivyo hivyo Ndeeba, na vivyo hivyo soko la Kisekka karibu na Nakivubo, lililojulikana kwa miaka mingi kuwa soko kuu la spea, na ambalo lilichukua jina la Dakta Samson Kisekka, Waziri Mkuu wa Uganda tangu 1986 hadi 1991.

Katika mahali hapo ukuta ni adimu. Gereji huwa kiwanja, mti na magari mabovu. Kwa hiyo ubao wa vivuli ulishuka chini na kujikunja ndani ya sanduku. Fundi ana sanduku la bati linalofunguka kama ngazi, daraja juu ya daraja, au ana turubai lililoshonwa mifuko na kuviringishwa. Asubuhi hulitandaza gunia kando ya gari na kuzipanga zana juu yake kwa utaratibu wake: spana bapa kwa namba zake, za ringi kwa namba zake, bisibisi pamoja, koleo na plaizi pamoja, nyundo na tindo mbali kidogo ili zisizigonge nyingine. Mtu apitaye hudhani ni mapambo. Kwa hakika ni tangazo la biashara, maana fundi huyo hana kibao mlangoni wala mlango wenyewe. Mteja asiyejua lolote juu ya injini aweza kuliona gunia, akapima kama mtu huyu anajiheshimu.

Kuonyesha huko kuna hatari yake. Zana zikionekana, huazimwa; zikiazimwa, huchelewa; na spana namba 10, iliyo ndogo na yenye kazi nyingi, ndiyo ipoteayo kwanza. Ndiyo maana mafundi huzitia alama, huyu mkato wa tupa kwenye mpini, yule tone la rangi ya kijani. Mtu aliyekusanya sanduku lake kwa miaka 15, akinunua spana moja kila alipopata ziada, akiibiwa usiku mmoja hurudi kuwa kibarua wa wenzake. Kwa wengi wa mafundi hawa sanduku ni mtaji wote walio nao, wala hakuna benki iliyopata kulikubali kuwa dhamana bila kigugumizi.

Na mwanagenzi je? Huyu huanza palipoanza boi wa zamani. Huosha zana kwa dizeli. Hujifunza majina kwa kuitwa: "Lete kumi na nne ya ringi!" Akileta kumi na mbili hucheka wote, naye hataisahau tena. Baadaye huachiwa kupanga gunia asubuhi, na hiyo ni cheo. Tofauti iliyopo kati yake na yule wa zamani ni moja, nayo ni kubwa: huyu anatarajia kwamba siku moja sanduku litakuwa lake.

Tunalojifunza

Serikali na vyuo vimeanza kuuona ukweli huo. Chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Japani, kimekuwa kikifundisha makanika kwa utaratibu wa karakana. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, iliyokuwa na makao Lugogo, iliweka utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazi mtaani na kumpa kijitabu kinachoorodhesha stadi alizonazo, hata kama hakukanyaga darasa la ufundi. Tangu mwaka 1999, yalipofanyika Arusha kwa mara ya kwanza, maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi yamekuwa yakizunguka katika nchi za Jumuiya mpya, Kampala ikiwa mojawapo ya wenyeji, na mafundi wadogo huzitandaza kazi zao mbele ya umma.

Kwa walimu wa lugha liko jambo jingine. Wajapani wana kanuni tano za kupanga mahali pa kazi, ambazo kwao zote huanza kwa herufi moja. Huko Tanzania, kanuni hizo zilipoingizwa katika hospitali, zilipewa majina haya: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Herufi imehifadhiwa, na neno lililokwisha zoeleka gerejini, seti, limefanywa kitenzi. Twaona kwamba lugha yetu haishindwi na kazi ya mikono pale inapopewa nafasi.

Sanduku la spana lenyewe ni kamusi. Nyundo ni neno la Kibantu, na Waganda huiita ennyondo. Fuawe na mvukuto vilitoka kwa mhunzi. Parafujo na bomba viliachwa na Wareno. Gari na karakana vilikuja kwa njia ya India. Spana, nati, jeki na soketi vilitoka kwa Mwingereza, na Mganda asemaye sipaana na galagi ameyapokea kwa mlango wake mwenyewe. Maneno hayo yamelala pamoja katika sanduku moja bila kugombana, na mwanagenzi wa Katwe huyajua yote kabla hajajua yametoka wapi.

Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Walimu wanaoikabili kazi hiyo katika Kampala huuliza mara kwa mara watapata wapi mifano iliyo hai, isiyonukia kambi ya askari wala kitabu cha zamani. Twawashauri wawapeleke wanafunzi wao gerejini asubuhi moja, wakati gunia linatandazwa, na wamwombe fundi ruhusa. Wahesabu zana, waandike majina yake kwa Kiswahili na kwa Luganda, waulize kila moja ilinunuliwa lini na kwa gari gani. Kisha wamuulize ni nani aliyemfundisha kuzipanga. Jibu la swali hilo la mwisho halijaandikwa katika kitabu chochote cha historia, na wanaolijua wanazeeka.